Nyama ya ng'ombe jikoni: mfupa au steki, moto mdogo au presha, ndimu au papai

Kilo moja ya nyama ya ng'ombe ni matumizi yanayopigiwa hesabu katika nyumba nyingi, na inauma kuona fedha hiyo ikiishia kwenye sahani ya vipande vigumu vilivyozungukwa na mchuzi mtamu. Lawama hutupiwa viungo, au mwenye bucha, au ng'ombe mwenyewe kwamba alikuwa mzee, ilhali mara nyingi kilichotokea ni kwamba kipande kimepikwa kwa njia isiyokifaa. Katika ulinganisho huu nimeziweka sambamba chaguo ambazo mpishi wa nyumbani hukutana nazo tangu anaponunua hadi anapopakua, na katika kila moja nitasema wazi ninaloliona bora na ni kwa chakula gani, kwa kuwa ulinganisho unaomwacha msomaji palepale alipokuwa haujamsaidia.

Mfupa au steki

Swali hili huulizwa bucha kabla kisu hakijashuka. Steki ina bei ya juu, kwa hiyo wengi huamini kwamba ndiyo nyama bora kwa kila pishi, na anayetarajia wageni huona haya kuwapelekea mfupa. Lakini katika bucha nyingi za mtaani kinachouzwa kama steki ni nyama yoyote isiyo na mfupa, iwe imetoka pajani, begani au hata shingoni, na nyama hizo hazifanani hata kidogo zikifika motoni. Tofauti yake inatokana na kazi ambayo msuli ulikuwa ukifanya mnyama alipokuwa hai. Sarara, ile nyama ya mgongoni, pamoja na fileti iliyojibana chini ya uti wa mgongo, hazikubeba mzigo wowote mkubwa, hivyo zina nyuzi laini na tishu chache za kuunganishia. Shingo, bega, kidari na muundi zilifanya kazi kila siku, nazo zimejaa utando mweupe wenye protini iitwayo kolajeni, ambao ndio unaomfanya mtu atafune bila kumaliza.

Kinachopaswa kueleweka hapa, na ambacho kinabadilisha kabisa namna ya kununua, ni kwamba kolajeni si adui. Ikipata joto la nyuzi 70 za Selsiasi na kuendelea, pamoja na unyevu na muda wa kutosha, huyeyuka polepole na kuwa jelatini, ule ute unaofanya mchuzi uwe mzito na midomo inatenate. Nyuzi za msuli zenyewe hufanya kinyume chake: zikishapita nyuzi 60 na kitu hujikunja na kukamua maji yake nje, na kadiri moto unavyozidi ndivyo zinavyozidi kukauka. Nyama yenye kolajeni nyingi hulipwa fidia, kwa sababu jelatini inayeyuka katikati ya nyuzi hizo zilizokauka na kuzilainisha. Nyama isiyo na kolajeni haina cha kuifidia. Ndiyo maana fileti iliyotokoswa kwa saa mbili hukauka mdomoni ingawa haikutoka ndani ya mchuzi hata dakika moja. Wapishi wengi wazuri hawaamini kwamba nyama inaweza kukauka ikiwa ndani ya maji, lakini ndivyo ilivyo, na anayetaka kuthibitisha apike vipande viwili vya namna hizo katika sufuria moja.

Kwa mchuzi, supu na pilau, basi, mimi huchagua mfupa bila kusita, hasa kidari, mbavu na muundi. Ni kweli kwamba sehemu ya uzito unaolipiwa ni mfupa usioliwa, lakini mfupa na kano zake ndizo zinazotoa ladha ya supu, na supu hiyo ndiyo inayoupa wali wa pilau rangi na utamu. Asiyependa mifupa sahanini aombe bega au shingo isiyo na mfupa. Atalipia bei ya steki na bado atapata nyama inayovumilia moto mrefu. Kwa mishikaki na kwa nyama ya kukaanga haraka, sarara au nyama ya ndani ya paja ndizo zinazofaa, na hapo bei ya juu inajilipa. Kwa nyama ya kusaga, iwe ni ya sambusa au ya kababu, bega lenye mafuta kidogo linashinda paja, kwa sababu mashine imekwishafanya kazi ya kukata nyuzi na mafuta ndiyo yanayozuia kababu isiwe kavu.

Mpishi aliyezoea maelezo ya upishi yanayotoka Ulaya au Marekani anapaswa pia kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki ni zebu, wale wenye nundu, na nyama yao kwa asili ni ngumu zaidi. Mwili wa zebu una kiwango kikubwa zaidi cha protini inayozuia vimeng'enya vya kulainisha msuli baada ya kuchinjwa. Tena ng'ombe wetu hutembea sana kutafuta malisho na maji. Kwa hiyo dakika zilizoandikwa kwa ajili ya ng'ombe wa huko mara nyingi hazitoshi hapa, na anayezifuata kama zilivyo atapakua nyama mbichi-mbichi huku akijilaumu bure.

Nyama ya asubuhi au iliyolala

Watu wengi hupenda nyama iliyochinjwa alfajiri ileile, na kwa upande wa usafi wana haki, hasa mahali ambapo bucha haina jokofu. Kwa ulaini, hata hivyo, mambo ni tofauti. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, na ukakamavu huo huchukua siku moja au zaidi kulegea, kisha vimeng'enya vya nyama yenyewe huanza kuilainisha. Nyama iliyochinjwa alfajiri na kupikwa mchana iko katikati ya ukakamavu huo.

Kwa mchuzi wa moto mrefu jambo hili halina uzito sana. Kwa mishikaki lina uzito mkubwa, nami ningemshauri kila mwenye jokofu linalofanya kazi vizuri ainunue nyama siku moja au mbili kabla, aifute maji, aiweke kwenye sahani iliyofunikwa kwa kulegea katika rafu ya chini yenye baridi ya kati ya nyuzi 0 na 4, na aikate siku ya kupika. Mwenye jokofu linalozimika umeme kila mara asijaribu. Heri nyama ngumu kuliko iliyoharibika.

Kuchemsha kwanza au kukaanga kwanza

Hapa ndipo nyumba zetu hugawanyika, na ndipo ninapotaka kukaa zaidi. Wengi wetu tumelelewa kwa kuchemsha: nyama huwekwa sufuriani na chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na pengine ndimu, huachwa iive, maji yakikauka ndipo huunganishwa na vitunguu na nyanya. Wengine, hasa waliojifunza kupitia video na vitabu vya nje, huanza kwa kukaanga vipande vibichi katika mafuta ya moto hadi vipate rangi, kisha humimina maji.

Hoja inayotolewa mara kwa mara kutetea kukaanga kwanza ni kwamba eti moto mkali hufunga nyama na kuzuia maji yake yasitoke. Dai hilo lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1847, na si kweli: nyama iliyokaangwa kwanza hupoteza maji kama nyingine. Mtu yeyote anaweza kuona hivyo sufuriani, kwa kuwa kipande kilichokwisha kupata rangi ya kahawia huendelea kutoa maji chini yake. Faida halisi ya kukaanga ni ladha. Uso wa nyama ukipita nyuzi 140 hivi, protini na sukari zake huungana na kuzaa harufu na rangi ambazo maji yanayochemka hayawezi kuzizaa kamwe, kwa sababu maji hayapiti nyuzi 100.

Njia ya kuchemsha kwanza nayo ina hekima ambayo haisifiwi inavyostahili. Kwanza, inakubaliana na zebu, kwani mpishi huonja na kuendelea hadi nyama ilainike ndipo aingize vitu vinavyoungua au kuvurugika. Pili, inatoa supu inayoweza kutengwa kwa ajili ya wali. Tatu, haikosi kabisa ile ladha ya kukaanga, iwapo mpishi ana subira ya dakika chache za mwisho, na dakika hizo zinafaa kutazamwa kwa karibu. Maji yanapokaribia kwisha, mlio wa sufuria hubadilika: ule mtokoto wenye mapovu makubwa hupungua, mapovu yanakuwa madogo na mazito, kisha hufuata kimya kifupi, na baada yake mafuta ya nyama yenyewe huanza kuchachatika chini. Wengi huogopa mlio huo na kumwaga maji mengine au nyanya papo hapo. Wasiogope. Wapunguze moto, wageuze vipande kwa mwiko pole pole, na waache vishike rangi pande mbili au tatu hadi chini ya sufuria pabaki utando wa kahawia. Utando huo usiachwe uwe mweusi. Vitunguu vikiingia, maji yake huukwangua, na hapo mchuzi unapata rangi ambayo poda ya dukani haiwezi kuuletea.

Kwa hiyo, kwa nyama ya mfupa na kwa mtu asiye na hakika ya ugumu wa nyama yake, ninachagua kuchemsha kwanza na kukaushia. Kwa bega au kidari kilichokatwa vipande vikubwa, mpishi akiwa na mafuta ya moto na sufuria pana, kukaanga kwanza hutoa mchuzi wenye ladha nzito zaidi, ilimradi afanye mambo mawili: aifute nyama kwa kitambaa safi au karatasi mpaka iwe kavu, na akaange vipande vichache kwa zamu. Sufuria ikijazwa, nyama hutoa maji kwa pamoja na kujichemsha ndani yake, na mpishi anakuwa amefanya kazi ya njia moja na kupata matokeo ya nyingine.

Moto mdogo au presha

Sufuria ya kawaida juu ya moto mdogo huhitaji kati ya saa mbili na tatu kulainisha kidari au muundi, na wakati mwingine zaidi. Sufuria ya presha huibana kazi hiyo katika dakika 35 hadi 45 zinazohesabiwa tangu mvuke uanze kupiga. Sababu ni joto: mvuke uliofungiwa huinua kiwango cha kuchemka hadi kati ya nyuzi 110 na 120, kutegemea sufuria ilivyoundwa, na kolajeni huyeyuka kwa kasi kubwa katika joto hilo.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni mahali anapoishi mpishi. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Arusha ni karibu hivyohivyo. Nyuzi sita zinaonekana kidogo kwenye karatasi, lakini kwa nyama inayotegemea joto ili kolajeni iyeyuke, na kwa maharage kadhalika, zinamaanisha muda mrefu zaidi na mkaa mwingi zaidi. Kuzidisha moto hakusaidii, kwa sababu maji yanayotokota kwa fujo yana joto lilelile la maji yanayotokota kwa utulivu. Kinachozidi ni mvuke unaopotea na gharama ya gesi. Mtu wa pwani aliyehamia Njombe au Eldoret akaona mapishi ya mama yake hayakubali, aelewe kwamba mkono wake haujapotea. Kwa wakazi wa nyanda za juu, sufuria ya presha ni kifaa cha lazima kuliko ilivyo kwa watu wa pwani.

Hata hivyo presha ina mipaka yake. Haipunguzi maji, kwa hiyo mchuzi hutoka mwepesi na lazima utokoswe tena ukiwa wazi. Mpishi mwenye busara huanza na kikombe kimoja tu cha maji au kiasi kidogo ambacho sufuria yake inaruhusu. Haimruhusu mtu kuonja, na nyama ya paja ikizidishiwa dakika kumi huchambuka nyuzinyuzi na kukauka. Mvuke ukiachiliwa ghafla, kioevu kilicho ndani hutokota kwa nguvu na nyama hupasuka, basi ni vyema kuzima moto na kuiacha sufuria ipoe yenyewe kwa dakika 10 au 15. Kwa siku za kazi mimi huchagua presha kwa ajili ya kulainisha tu, kisha mchuzi huungwa kwenye sufuria ya kawaida. Kwa siku ambayo mtu yuko nyumbani na ana jiko la mkaa lililokwisha kupungua nguvu, moto mdogo ndio unaoleta mchuzi bora, na mkaa huo wa mwisho ambao wengi huumwagia maji ndio hasa unaoufaa muundi.

Ndimu, mtindi, papai au tangawizi

Kulaza nyama kwenye viungo ni tendo ambalo watu hulitarajia mengi kuliko linavyoweza. Karibu kila kitu kinachopakwa juu ya nyama, isipokuwa chumvi, huingia milimita chache tu, hata kikilala usiku kucha. Kwa hiyo kulaza kunafaa vipande vidogo vya mishikaki na vipande vyembamba vya kukaanga. Kwa nyama ya mchuzi inayokwenda kutokota saa mbili ni kujichosha.

Ndimu na siki hufanya kazi kwa uchachu. Kwa nusu saa hutia ladha safi na kulegeza uso wa nyama. Zikiachwa kwa saa nyingi, uso huo hugeuka mweupe kana kwamba umepikwa, na ukifika kwenye mkaa hukauka na kuwa na ukakasi kama wa chaki. Wengi huongeza ndimu wakidhani wanalainisha, kumbe wanaigumisha nyama. Mtindi una uchachu wa upole, hivyo nyama yaweza kulala humo jokofuni usiku mzima bila madhara, na sukari yake ya maziwa husaidia mishikaki ishike rangi. Lakini ni lazima mtindi uliozidi upanguswe kabla ya kuchoma, vinginevyo huungua kabla nyama haijaiva.

Papai bichi ni jambo jingine kabisa. Ule utomvu mweupe unaochuruzika ganda linapochanjwa una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukata protini zenyewe, nguvu ambayo ndimu haina. Papai lililoiva limekwisha kuupoteza utomvu huo kwa sehemu kubwa, kwa hiyo halifai kwa kazi hii. Kijiko kimoja cha chakula cha papai bichi lililokunwa kinatosha kilo moja ya nyama, na muda wake ni nusu saa hadi saa moja, si zaidi. Papaini huchangamka hasa nyama inapopata moto, kwenye nyuzi 60 hadi 70, kisha hufa joto likizidi. Maana yake ni kwamba hata kipande kilichoonekana sawa kwenye bakuli huendelea kulegea kikiwa juu ya mkaa. Mishikaki iliyolala kwenye papai usiku kucha huwa na uso wa uji-uji usiopendeza, na hakuna kiungo kinachoweza kuirudisha. Tangawizi mbichi iliyotwangwa ina kimeng'enya cha namna hiyo, na nanasi bichi vilevile; poda ya tangawizi na nanasi la kopo, kwa kuwa vimepitishwa kwenye joto, vina ladha tu.

Kwa mishikaki ya sarara ningechagua mtindi na tangawizi mbichi. Kwa mishikaki ya paja, ambayo ndiyo iliyo ndani ya uwezo wa wengi, papai kidogo kwa muda mfupi halina mshindani. Ndimu ningeiacha ikamuliwe mezani. Na kwa vipande vyembamba vya kukaanga haraka na vitunguu na pilipili hoho, nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea katika nusu kilo kwa dakika 15, kisha nyama ikasuuzwa na kufutwa, hulainisha kuliko vyote. Kisitiwe pamoja na ndimu wala siki, kwa kuwa huuana nguvu, wala kisizidishwe, kwa kuwa huacha ladha ya sabuni.

Lakini kuna kilainishi kisichogharimu chochote ambacho naona kimesahauliwa katika nyumba nyingi, nacho ni kisu. Ukiiweka nyama ya paja kwenye ubao chini ya mwanga, utaona nyuzi zake zimelala upande mmoja. Ikikatwa kwa kuzifuata, mlaji hubaki na nyuzi ndefu ambazo meno yake ndiyo yatakayozikata. Ikikatwa kwa kuzikingama, kisu kimeshazifupisha, na kila kipande huachia mdomoni. Nyama ileile, iliyolala kwenye viungo vilevile na kuchomwa kwenye mkaa uleule, hutofautiana kwa jambo hili moja kiasi cha mtu kudhani ni nyama za bucha mbili.

Chumvi mapema au mwishoni

Wapo wanaosema chumvi ikitiwa mapema hukausha nyama. Mwanzoni huvuta maji kweli, lakini baada ya dakika 40 hivi maji hayo yenye chumvi hurudi ndani na kuisaidia nyama kushika unyevu wake. Kipindi kibaya ni kile cha katikati, dakika 5 hadi 30, ambapo uso umelowa na hautashika rangi. Kwa kukaanga au kuchoma, tia chumvi saa moja au zaidi kabla, ama papo hapo unapoweka motoni. Kiasi cha vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa kinatosha kilo moja ya nyama isiyo na mfupa. Kwa mchuzi utakaokaushwa, anza na nusu ya kiasi hicho, kwa sababu maji hukauka na chumvi hubaki, na kama utatumia poda ya mchuzi ya dukani kumbuka kwamba mara nyingi imekwisha kutiwa chumvi.

Viungo vizima au vya kusaga

Ladha za viungo vyetu vingi huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, na hilo linaamua wakati wa kuvitia. Mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga na bizari nyembamba, yaani uzile, zikiwa nzima huvumilia mafuta ya moto kwa dakika moja au mbili na kuyanukiza, kisha hutoa ladha polepole katika muda wote wa kupika. Zikisagwa hutoa kila kitu kwa mara moja, huungua haraka, na poda iliyokaa miezi kwenye mkebe hubaki na rangi bila harufu.

Kwa pilau nachagua vizima, isipokuwa bizari nyembamba, ambayo napenda nusu yake itwangwe kwenye kinu muda huohuo na nusu ibaki nzima. Kwa mchuzi wa nyanya nachagua vya kusaga, vitiwe baada ya vitunguu kuwa vya kahawia na kabla ya nyanya, pamoja na kijiko cha maji ili visiungue. Karafuu ipewe heshima yake: nne au tano kwa kilo ya nyama zinatosha, kwani mafuta yake makali hufunika viungo vingine vyote na hata kufisha ganzi ulimi. Nyama ya ng'ombe inastahimili viungo vizito kuliko kuku, lakini haina haja ya kila kilichomo kabatini. Mchuzi wenye tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na bizari nyembamba peke yake humwezesha mlaji kuisikia nyama, na nyama ndiyo aliyoilipia.

Nyanya au nazi

Mchuzi wa nyanya ni rahisi kuumudu. Nyanya hukaangwa hadi zipondeke na mafuta yajitenge pembeni mwa sufuria, na asiyengoja hatua hiyo hupata mchuzi wenye ukali mbichi ambao wengi huuficha kwa sukari. Uchachu wake hauidhuru nyama, ila hukawiza viazi: vikitiwa kwenye mchuzi wenye nyanya nyingi huchukua muda mrefu kulainika, hivyo ni afadhali kuvichemsha kidogo katika supu ya nyama kwanza.

Nazi inataka utaratibu. Nyama lazima iwe imeiva kabisa kabla tui zito halijaingia, kwa sababu tui hilo halivumilii mtokoto mkali wala mrefu. Hukatika, mafuta yakaelea juu na chenga zikabaki chini. Tui jepesi la mkamuo wa pili au wa tatu laweza kutumika kama maji ya kupikia, na tui zito huja mwisho, likikorogwa bila kuachwa mpaka litoe mapovu ya kwanza. Ndimu iingie moto ukishazimwa. Ndani ya presha tui lisiingie kamwe. Kwa kidari na mbavu, ambazo tayari zina mafuta na jelatini, mimi huchagua nyanya ili uchachu wake ukate uzito huo; kwa bega au steki ya paja isiyo na mafuta, nazi huipa nyama utajiri ambao haikuzaliwa nao.

Tofauti ya mwisho kati ya hizo mbili huonekana kesho yake. Michuzi yote miwili iwekwe jokofuni ndani ya saa mbili baada ya kupikwa, katika vyombo vipana ili ipoe upesi. Mchuzi wa nyanya hukaa vizuri siku tatu, na wengi huuona mtamu zaidi siku ya pili kwa kuwa viungo vimeshatulia na jelatini imeshikana. Mchuzi wa nazi huchacha mapema na hukatika unapopashwa moto kwa haraka, kwa hiyo anayepika kwa ajili ya siku mbili atenge nyama iliyochemshwa pamoja na supu yake, na atie nazi kwenye sehemu ya kuliwa siku hiyo tu. Sehemu iliyobaki ipashwe hadi itokote kwa dakika kadhaa, ndipo tui jipya liingie.